Kibandiko cha Tisa

Sisi wanawake wa Mbinga tuliokuwa tukipanga foleni kwenye kliniki ya ngozi, hakuna habari ya mapenzi iliyotupita. Nani kaposwa Matiri, nani karudishiwa barua zake Mpepai, nani anakwenda kisimani mara tatu kwa siku na ndoo za nyumbani zimejaa; yote tulikuwa nayo. Na mimi niliyekaa benchi la mbele nilikuwa mjuzi kuliko wote. Kwa miezi mitatu nilimwambia kila aliyenisikiliza kwamba Dokta Bonifasia anaolewa na Xaveri, mnunuzi wa kahawa mwenye pikapu. Nilishashona hata gauni la harusi hiyo. Gauni bado ninalo. Halijavaliwa.

Basi niwasimulie ilivyokuwa kweli, kama nilivyoipata baadaye kwa Katarina, mhudumu wa kliniki, ambaye mlango ukifungwa ndipo husikia vizuri zaidi.

Ilikuwa Jumatatu ya mwezi wa saba, mwaka wa pili tangu kahawa ianze kununuliwa na watu binafsi na maduka yajae vitu ambavyo hata majina yake yalitushinda kutamka. Baridi ilikuwa ile ya kukunja vidole. Bonifasia alikuwa ameshaona wagonjwa kumi na mmoja, na tisa kati yao walikuwa wamemdanganya. Wa kumi na mbili alikaa kitini uso umemwiva kama nyanya, ngozi ya mashavu inabanduka, na shingo yake nyeusi imetulia zake huko chini kana kwamba si ya mtu huyo.

“Umepaka nini usoni?” Bonifasia akauliza.

“Sijapaka kitu, dokta. Ni jua.”

Bonifasia akatazama dirishani. Ukungu ulikuwa umekaa juu ya mikahawa tangu alfajiri na haukuwa na haraka ya kuondoka.

“Jua lipi?”

“La Mbamba Bay. Nilishuka kwenye msiba.”

“Lini?”

“Krismasi.”

Bonifasia akaweka kalamu chini. Akavuta pazia zito la dirisha, chumba kikawa giza, akawasha taa yake ya zambarau. Taa hiyo ndogo ya betri alirudi nayo kutoka Moshi, alikosomea magonjwa ya ngozi miaka miwili, pamoja na darubini na mkoba wa vibandiko. Mjini walisema ni taa inayoona dhambi. Dhambi haikuziona, lakini mapunye iliyaona, na tena kulikuwa na krimu moja, ya tyubu nyekundu yenye picha ya waridi, ambayo ikimulikwa na taa ile hung'aa nyeupe kama usipa wabichi, wale dagaa wa ziwani, waliotoka majini sasa hivi. Uso wa yule mama ukang'aa, kuanzia kwenye nywele hadi kwenye taya. Shingo ikabaki gizani.

“Hilo ndilo jua la Krismasi,” Bonifasia akasema.

Ndivyo walivyo wagonjwa wa ngozi. Mwenye malaria husema ana malaria. Mwenye jipu hukuonyesha jipu. Lakini mwanamke aliyejichubua kwa mkorogo atataja jua, atataja moshi, atataja mdudu, atamtaja jirani, na mwishowe atamfukua marehemu bibi yake aseme naye alikuwa hivyo hivyo. Kichwa kilimuuma Bonifasia. Alichoka na uongo kuliko alivyochoka na usaha.

“Yuko wa mwisho,” Katarina akasema, akichungulia mlangoni. “Ni yule.”

“Yule nani?”

“Yule ambaye nikimtaja unashika nywele.”

Mkono wa Bonifasia ulikuwa tayari kichwani. Akaushusha.

Ausi akaingia akiwa ameinamisha shingo, maana milango yote ya Mbinga ilijengwa na watu wafupi. Alikuwa mtoto wa wafanyabiashara wa ufukweni, Mbamba Bay, na duka lake lilikuwa hapa mjini: vitenge, sabuni, koroboi, betri, na zamani, krimu. Na hizo krimu ndizo zilizowakutanisha. Miezi minne nyuma Bonifasia alilivamia duka lile na tyubu ya waridi mkononi, akamgombeza mwenyewe mbele ya wateja mpaka mmoja akasahau chenji. Ausi alitoa kiti, akakipangusa kwa mkono wa shati, akasema, “Kaa, dokta, unieleze taratibu. Mimi nauza tu, sijui kinachotokea mtu akifika nyumbani.” Bonifasia akamweleza mpaka wakati wa kufunga duka: namna ngozi inavyokonda, namna jua linavyoichoma, namna ambavyo mtu aliyezoea krimu ile akiacha ghafla uso humgeuka ukawa mbaya kuliko mwanzo, kwa hiyo inabidi ashushwe polepole kama mtu anayeshuka mlima. Ausi alimsikiliza kama vile mtu anasikiliza matokeo ya mtihani wake. Kesho yake alitoa katoni mbili za waridi nyuma ya duka, akazichoma, na harufu ya manukato ilikaa mtaani siku tatu.

Mwanamke mwingine angepelekewa maua. Bonifasia alichomewa krimu, na hapo ndipo moyo ulipomtoka.

Kilichobaki kilikuwa mama yake. Mama Gertruda alisema kwamba mwanawe ataolewa na mtu wa ziwani, tena Mwislamu, siku yeye akiwa kaburini, na tena hata huko atageuka. Nani atamsomea rozari? Na Xaveri amekosa nini, kijana wa hapa hapa, wa parokia moja, mwenye pikapu? Mzee Ignatio, baba yake, kila alipoulizwa alisema, “Muulize mama yako,” akaenda kupalilia. Ugomvi ukaenda miezi miwili. Halafu mwezi uliopita, bila mvua wala radi, mama akaamka asubuhi moja akasema, “Hata hivyo yule kijana si mbaya. Ana adabu. Waambie wazee wake waje.” Bonifasia alishangaa, akashukuru, wala hakuuliza. Wazee walikuwa wapande kutoka ziwani Jumapili hii.

“Shida nini?” akauliza sasa, kwa sauti ya dokta.

Ausi akanyoosha mkono wa kulia. Kidole cha shahada, cha kati, na gumba, vyote vitatu vilikuwa vimepasuka nchani, vyekundu, na vilengelenge vidogo pembeni ya kucha. Vidole vingine viwili vilikuwa vizima kabisa.

“Tangu lini?”

“Wiki tatu. Nilidhani itaondoka.”

“Umeshika nini?”

“Dokta, mimi mwenye duka. Niulize nini sijashika.”

“Sabuni?”

“Kila siku.”

“Mafuta ya taa?”

“Kila jioni.”

“Saruji? Rangi? Dawa ya mikahawa?”

“Saruji mara moja. Dawa nauza ikiwa imefungwa.”

Bonifasia alikuwa ameushika ule mkono muda wote, na sasa akatambua kwamba ameushika zaidi ya inavyohitajika kuhesabu vidole vitatu. Ausi naye alitambua. Alimtazama kwa yale macho yake ya polepole, yanayofika kwa mtu kama mtumbwi unaofika pwani bila kupigiwa kasia.

“Na krimu?” akauliza, akiuachia mkono.

“Boni, niliichoma mbele yako.”

“Nimeuliza swali la kliniki.”

“Sijaishika tangu mwezi wa tatu.”

Alisema hivyo akitazama darubini. Bonifasia aliona kwamba ametazama darubini. Alitaka sana kutoliona hilo.

“Vua shati,” akasema. “Nitakubandika.”

Kazi ya vibandiko ni hii. Unachukua vipande vidogo vya plasta, kila kimoja unakitia tone la kitu unachokishuku, unavipanga mgongoni, unaviacha siku mbili. Kile ambacho ngozi inakikataa, itavimba chini yake peke yake, na vingine itaviacha. Hapo mgonjwa hahitaji kusema kitu. Ndiyo maana Bonifasia alivipenda vibandiko kuliko alivyowapenda wagonjwa.

Cha kwanza akakitia mafuta ya mgando matupu, kwa kulinganishia. Cha pili sabuni ya kipande, cha tatu ya unga, cha nne tone la mafuta ya taa lililozimuliwa, akaendelea hivyo mpaka cha nane. Mgongo wa Ausi ulikuwa mpana, una joto, na kila kidole cha Bonifasia kilipobonyeza plasta, msuli mmoja uliruka. Katarina alikuwa pembeni anaandika namba kwenye daftari, na kama kawaida yake alikuwa anaandika polepole sana.

“Vimekwisha?” Ausi akauliza.

Bonifasia akafungua droo. Humo mlikuwa na tyubu za waridi alizowanyang'anya wagonjwa. Akasimama akiitazama moja, akijichukia. Kisha akakamua tone.

“Bado kimoja,” akasema. “Cha tisa. Usiloweshe mgongo mpaka Jumatano.”

“Nilaleje?”

“Kifudifudi.”

“Na nikikuota?”

“Niote kifudifudi,” Bonifasia akasema, na Katarina akaandika hilo pia.

Jumatano ni siku ya soko. Ausi alifunga duka saa nne akaja, kajipaka manukato shingoni kuficha siku mbili za kutoloweshwa. Alikuwa mchangamfu. Alisema baba yake mdogo, Abdulmajid, ameshapata gari la kuwaleta Jumapili, na kwamba mama yake anauliza Wamatengo wa huku wanapenda usipa mkavu au wa kukaanga.

“Geuka,” Bonifasia akasema.

Akabandua kimoja kimoja. Cha kwanza, ngozi safi. Cha pili, safi. Cha tatu wekundu kidogo wa plasta tu. Cha nne, cha tano, mpaka cha nane, safi. Akashika ncha ya cha tisa. Alikaa nayo hivyo muda, mpaka Ausi akauliza kama amelala. Akaivuta.

Chini yake kulikuwa na mraba mwekundu umeumuka, kona zake nne zimekamilika kama stempu, na juu yake vilengelenge vidogo vya maji.

“Kuna kinachowasha pale chini,” Ausi akasema. “Usiku wa jana nimekiona cha moto. Ni nini hicho?”

“Unataka kuniambia hujui.”

“Mgongoni sina macho, Boni.”

“Ni waridi.”

Msuli wa mgongo uliokuwa ukiruka Jumatatu ukaganda. Ausi akanyoosha mkono akachukua shati, lakini hakulivaa, akalishika tu mapajani.

“Labda ni ya zamani,” akasema. “Niliuza miaka mitatu.”

“Uliuza tyubu zilizofungwa. Hivi ni vidole vilivyochota.” Sauti yake ilikuwa inapanda na alikuwa anaisikia ikipanda. “Mkono ukiachana na kitu unachokikataa, baada ya mwezi umepona. Wewe umeachana nacho mwezi wa tatu. Vidole vimeanza wiki tatu zilizopita. Nipigie hiyo hesabu, wewe ndiye mfanyabiashara.”

Ausi akaligeuza shati mapajani.

“Unamuuzia nani?”

“Simuuzii mtu.”

“Basi unampa nani?”

Huko nje Katarina aliacha kufagia.

“Ni mwanamke,” Bonifasia akasema.

“Ni mwanamke,” Ausi akakubali, “lakini siyo hivyo unavyofikiri.”

“Mimi nafikiri nini?”

“Unafikiri mtu fulani mweupe-mweupe.”

“Sasa nafikiri hivyo. Dakika moja iliyopita nilikuwa sijafika huko.” Akazikusanya plasta zote, akazitupa kwenye ndoo kama anayetupa vyombo. “Ausi, mimi hapa kila siku nadanganywa kuanzia saa mbili mpaka saa tisa. Nadanganywa na watu wanaobanduka uso. Nilifikiri kuna mtu mmoja, mmoja tu mji huu, ambaye nikimuuliza swali atanijibu hilo hilo nililouliza. Ndilo pekee nililolitaka kwako. Pikapu ninayo, inakaa mlangoni kwetu kila Jumamosi inapiga honi.”

Hilo lilimchoma Ausi. Akainuka, na akisimama alikuwa anakigusa karibu kila kitu katika chumba kile.

“Nisemeje, na nimeapishwa?” akasema kwa sauti ya chini. “Nikisema nimevunja. Nisiposema nimekuvunja wewe. Niambie lipi ni dogo.”

“Nani kakuapisha?”

Akatikisa kichwa.

“Basi,” Bonifasia akasema. “Wazee wako wasipande. Tuma habari leo, gari lisije likapoteza mafuta.”

Mwanamume mwingine angeondoka hapo akaupiga mlango. Ausi akavaa shati, akafunga vifungo kwa vidole vile vitatu vibovu, vikimchelewesha, na Bonifasia ikabidi atazame kwingine maana alikuwa anatamani kumfungia.

“Jumatatu ulisema kibandiko kinasomwa mara mbili,” Ausi akasema. “Kikitoka, na baada ya nusu saa.”

“Hakitabadilika.”

“Ulisema ni utaratibu.”

Bonifasia akafumba macho. Angeweza kuvunja uchumba. Utaratibu hakuweza.

“Kaa nje kwenye benchi,” akasema. “Nusu saa.”

Alikaa ndani peke yake akitazama saa ya ukutani na kuichukia. Alimfikiria huyo mwanamke. Alimpa sura, akampa hereni, akampa na kicheko. Alipokuwa anamtafutia jina, nusu saa ikaisha, akafungua mlango.

Kwenye benchi, kando ya Ausi, alikuwa amekaa mama yake.

Mama Gertruda alikuwa amejitanda khanga mpaka machoni, kiganja kimeshika shavu la kulia. Mkono mwingine ulikuwa ukifunga fundo kwenye pindo la khanga kwa haraka, na Bonifasia akawahi kuona kikopo cha bati kikizama ndani ya fundo. Ausi alikuwa anatazama miguu yake mwenyewe kwa bidii.

“Shikamoo mama. Umekuja na nini?”

“Marahaba. Jino, mwanangu. Limeniamsha tangu usiku.” Akaugulia kidogo. “Nikasema nikienda sokoni nipite. Mbona umenuna hivyo, na Jumapili tuna wageni?”

“Jumapili hatuna wageni. Nimemwambia wasipande.”

Mama yake akageuka mzima mzima kwa Ausi, kisha kwake, na kwa mara ya kwanza jino halikuuma.

“Usimfanyie hivyo kijana wa watu,” akasema. “Katika ukoo wetu wote hajapata kuja mtu mwenye moyo kama huyu. Amenyamaza hapa kama mwanakondoo. Una nini wewe? Ukipata mtu mzuri lazima umpasue uone ndani?”

Mwezi mmoja na nusu nyuma mwanamke huyu alikuwa ameapa kugeuka kaburini. Bonifasia akamtazama. Akaitazama ile khanga, iliyopandishwa juu kuliko jino lolote linavyohitaji. Akakumbuka kwamba mama yake amekuwa akijitanda hivyo hata jikoni, anasema moshi. Akakumbuka sherehe ya kipaimara, mwezi wa tano, mama yake Xaveri, Mama Beata, alivyotokea na uso mweupe pe, na watu wakamwambia Mama Gertruda mbele ya Mama Beata, “Huyu ni mdogo wako?” wakati wamepishana wiki mbili, na tena Beata ndiye mkubwa.

“Ingia ndani, mama,” akasema. “Nikuangalie.”

“Litapoa.”

“Ingia.”

Mama akaingia. Bonifasia akamwomba ateremshe khanga. Mama akasema upepo unaliumiza. Bonifasia akasema humu hamna upepo. Mama akasema mlango una ufa.

“Basi baki nayo, uniachie uso tu. Nitatumia taa.”

“Ile ya dhambi?”

“Ni taa ya ngozi, mama.”

“Mimi nimeungama Jumamosi,” Mama Gertruda akasema, akikaa kitini kwa heshima yote, “sina wasiwasi na taa ya mtu.”

Pazia likavutwa. Taa ikawaka.

Uso wa Mama Gertruda ukang'aa katikati ya giza, mweupe, wa duara, kama usipa mia moja waliomwagwa sahanini. Ulianzia kwenye nywele ukaishia kwenye taya, umekatwa safi. Na mapajani viling'aa vidole vitatu vya mkono wa kulia: shahada, cha kati, na gumba.

Bonifasia alisikia hasira yote aliyokuwa ameipanga kwa ajili ya mwanamke wa hereni ikitafuta pa kukaa na kukosa.

“Mama. Umepaka nini?”

“Mafuta ya nyonyo.”

“Mafuta ya nyonyo hayang'ai.”

“Haya ni ya Liparamba. Ni mazuri zaidi.”

“Na kwenye fundo la khanga?”

“Dawa ya kifua.”

Bonifasia akanyoosha mkono. Mama akalifungua fundo polepole, kama anayefungua jeraha. Kilikuwa kikopo kidogo cha dawa ya kuchua kifua, bati lake la kijani limechubuka. Bonifasia akakifunua. Hakikutoa ile harufu ya kupenya puani. Kilinukia waridi, kwa mbali.

“Ausi,” akaita, bila kupandisha sauti. “Ingia hapa.”

Akaingia haraka mno kwa mtu ambaye hakuwa amesimama mlangoni. Alipouona uso wa Mama Gertruda ukielea gizani, akarudi nyuma hatua moja.

“Mimi sijasema,” akamwambia ule uso.

“Hujasema, mwanangu,” uso ukajibu. “Taa ndiyo yenye mdomo.”

“Nataka kusikia,” Bonifasia akasema, “na nataka kwa ufupi.”

“Alikuja dukani mwezi uliopita, nyuma,” Ausi akasema. “Alikuwa anajipaka tangu mwezi wa tano, ya sokoni ikamwishia. Nikamwambia sina. Akasema nisipompa atanunua kwa wengine iliyo kali zaidi, na kwamba nikimtajia mtu, nisahau habari ya posa. Akaniapisha. Nikafikiri usiku kucha. Nikakumbuka maneno yako siku ile ya kiti, kwamba anayeacha ghafla uso humgeuka, ashushwe polepole kama mtu anayeshuka mlima. Nikanunua tyubu mbili kwa mwenzangu, nikawa nachanganya na mafuta ya mgando kwenye vikopo. Nakoroga kwa vidole, sikuwa na kijiti. Wiki ya kwanza nusu kwa nusu. Ya pili robo. Cha leo hicho, alichokifuata hapa baada ya kukuta duka limefungwa, kina tone, kingine chote mafuta ya mgando.”

Bonifasia akakitazama kikopo, akawatazama wote wawili. Angependa sana kugombeza. Alikuwa na haki mbili au tatu za kugombeza na zote zilikuwa nzuri. Lakini kilichomjaa moyoni hakikuwa ugomvi. Kilikuwa hiki, kwamba alizungumza kwa saa tatu dukani mwa mtu, jioni moja, kwa hasira, na mtu huyo akalishika kila neno, akalifanyia kazi peke yake mpaka vidole vikapasuka.

“Wiki kwa wiki ni haraka mno,” akasema, akikifunika kikopo. “Ungeniuliza.”

“Nilikuwa nimeapishwa.”

“Kumbe,” Mama Gertruda akasema kutoka gizani, na sauti yake ilikuwa na uchungu wa kweli. “Kumbe ndiyo maana siku hizi haina nguvu. Wiki tatu najipaka, natazama kioo, natazama kioo. Kumbe mkwe ananipunja.”

Akasikia alichosema. Akafunga mdomo, lakini neno lilikuwa limeshatoka, na Ausi alikuwa ameshalisikia lile la mkwe, maana meno yake nayo yakaanza kuonekana gizani.

Bonifasia akazima taa, akafungua pazia. Mwanga wa soko ukaingia, na kelele zake. Mama yake aliufunika ule uso kwa khanga haraka, sasa ukiwa mwekundu na umechoka, uso wa mama tu.

“Wazee wapande?” Ausi akauliza.

“Wapande. Usipa uwe mkavu. Na wewe mgongo wako una namba tisa, tutaizungumza tukiwa wawili, na siyo leo.” Kisha akamgeukia mama yake. “Na wewe kuanzia leo dawa utaichukua kwangu, hapa hapa, kwenye foleni, kwenye benchi, kama wenzako.”

“Kwenye benchi na wale wambea?” Mama Gertruda akainuka kwa heshima iliyojeruhiwa. “Mimi sina ugonjwa wa ngozi. Watu wasije wakasema. Mimi hapa nimekuja na jino tu.”

“Sawa, mama,” Bonifasia akasema kwa upole, akivaa glavu. “Fungua mdomo. Ni upande gani?”

Mkono wa Mama Gertruda ukaenda shavu la kushoto. Ukafika. Akauona uso wa binti yake, akauona wa Ausi, na mkono ukaanza safari ya kwenda shavu la kulia, ukasita chini ya pua, ukabaki hapo.